Okidi za Kivulini: Maua Yasiyotaka Haraka

Kaskazini ya Uingereza, katika mabonde ya Yorkshire, kuna mmea mmoja uliolindwa kwa miaka mingi kama vile hazina ya serikali. Mahali ulipo hapakutajwa hadharani. Siku za kuchanua kwake zilipokaribia, mwishoni mwa mwezi wa Mei, walinzi walipiga hema karibu yake wakaungojea mpaka maua yaliponyauka. Mmea huo si mti wa mbao, wala hautoi dawa ya thamani. Ni ua la porini lenye kimo cha kufika goti la mtu mzima, lenye mfuko wa rangi ya manjano mfano wa kiatu kidogo, na kandokando yake majani ya ua marefu, membamba, yenye rangi ya zambarau iliyoiva. Waingereza huliita sapatu ya bibi. Wataalamu wa mimea huliita Cypripedium calceolus, nalo ni mojawapo katika jamaa kubwa ya maua yaitwayo okidi.

Zamani sapatu ya bibi ilionekana mahali pengi katika misitu ya kaskazini ya Uingereza, hasa penye mawe ya chokaa. Watu wakaipenda mno. Wengine walichuma maua kwa mafungu wakayauza, wengine wakang'oa mmea pamoja na mizizi yake ili kuupanda mbele ya nyumba za matajiri. Mimea iliyong'olewa ilikaa mwaka mmoja au miwili, ikadhoofu, ikafa. Wenye bustani wakatuma watu kwenda kung'oa mingine. Ikawa hivyo mpaka mwaka 1917, ilipotangazwa kwamba ua hilo limekwisha kabisa katika nchi ile. Kisha mwaka 1930 ukaonekana mmea mmoja uliosalia, na ndio huo uliolindwa kwa mahema.

Habari hii yafaa iwe mbele ya kila mtu apendaye kupanda okidi za ardhini katika bustani yake. Ua hilo halikuharibiwa na watu waliolichukia. Liliharibiwa na watu waliolipenda bila ya kujua maisha yake. Leo maarifa yamepatikana, na mtu mwenye kivuli, udongo mzuri na subira aweza kuwa na maua hayo nyumbani kwake pasipo kuupunguza msitu hata mche mmoja.

OKIDI ZA MITINI NA OKIDI ZA ARDHINI

Watu wengi wakisikia habari za okidi hufikiri juu ya maua yanayolelewa katika vyumba vya vioo, au yale yanayoning'inia juu ya matawi ya miti katika misitu yenye joto. Okidi za namna hiyo ni nyingi, na mizizi yake hunyonya maji ya mvua na umande hewani. Lakini ziko nyingine ambazo hukaa ardhini kama mimea mingine. Hizo hupatikana hata katika nchi za theluji, na wakati wa baridi kali majani yake hukauka yote. Uhai wake hubaki chini ya udongo, katika kiazi au katika shina linalotambaa ardhini, ukingojea joto lirudi. Hizi ndizo okidi za ardhini zenye kuvumilia baridi, na nyingi katika hizo hupenda kivuli cha miti.

Watunza bustani wa Ulaya, Marekani na Japani huzithamini sana kwa sababu hiyo. Kila mwenye bustani anajua jinsi ilivyo vigumu kupata ua zuri la kupanda mahali pasipopata jua la kutosha. Upande wa nyumba usiopigwa na jua, au chini ya miti mikubwa, mara nyingi huachwa mtupu. Okidi za kivulini hugeuza mahali hapo pakawa ndipo watu wanapokimbilia kutazama.

SIRI ILIYOMO KATIKA UDONGO

Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi. Mwanachuoni Charles Darwin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1862, alieleza jinsi alivyokadiria mbegu za okidi moja ya ardhini ya Uingereza, yenye majani ya madoadoa. Katika tunda moja alipata hesabu ya mbegu 6,200, na katika mmea mzima wenye matunda 30 alipata mbegu 186,300. Akasema kwamba kama mbegu hizo zote zingeota na kuzaa, vitukuu vya mmea mmoja vingeweza karibu kuifunika nchi kavu yote ya dunia. Lakini mambo hayawi hivyo. Kwa nini?

Jibu lilipatikana Ufaransa. Mwaka 1899 kijana mmoja aliyeitwa Noël Bernard alikuwa katika msitu wa Fontainebleau, akakuta mbegu za okidi zilizofunikwa na majani zikianza kuota. Alipozichungua kwa darubini aliona kwamba ndani ya kila mche mlikuwa na nyuzi nyembamba za kuvu, yaani jamii ile ile ya uyoga. Ndipo ikafahamika kwamba mbegu ya okidi haina akiba ya chakula kama mbegu ya hindi au ya harage. Ikianguka mahali pasipokuwa na kuvu wake, hufa. Ikimpata, kuvu huyo huilisha mpaka iwe na majani yake yenyewe, na huenda hilo likachukua miaka kadhaa chini ya ardhi.

Basi mtu aliyeng'oa sapatu ya bibi msituni alichukua mmea, akamwacha mlezi wake. Tena alikata mizizi mirefu isiyoota upesi, akaipanda katika udongo wenye samadi nyingi uliofaa kabichi, lakini kwa okidi ulikuwa sumu.

Miaka 23 baada ya Bernard, yaani mwaka 1922, Mmarekani Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha njia nyingine. Aliziweka mbegu katika chupa safi, juu ya aga, ambayo ni kitu kama uji ulioganda kinachotengenezwa kwa mwani, akaichanganya na sukari na chumvi za rutuba. Mbegu zikaota bila ya kuvu. Tangu hapo okidi zaweza kuzalishwa kwa maelfu katika chupa, ingawa zile za ardhini za nchi baridi zilikawia kukubali njia hiyo.

Mwaka 1983 bustani ya mimea ya Kew, karibu na London, ilianza kazi maalumu ya kuzalisha okidi za Uingereza, na sapatu ya bibi ilikuwa mojawapo. Mmea ule wa Yorkshire ulichavushwa kwa mkono, mbegu zake zikapelekwa Kew zikaoteshwa chupani. Mwaka 1989 miche ya kwanza ilirudishwa porini. Ikangojewa. Mwaka 2000, baada ya miaka 11, mmoja wao ulitoa ua. Mwenye kulalamika kwamba mkahawa wake umechukua miaka mitatu bila ya kuzaa na aikumbuke hesabu hiyo.

KUCHAGUA MAHALI

Mwenye kutaka kupanda sapatu za bibi hana budi kuanza kwa kutazama bustani yake kutwa nzima, asubuhi mpaka jioni. Mahali panapofaa ni pale panapopata jua la asubuhi kwa saa mbili au tatu, kisha pakawa na kivuli jua linapokuwa kali. Kivuli cha miti inayopukutisha majani ni chema kuliko vyote, kwa sababu mwanzo wa majira ya joto, wakati okidi inapochipuka, mti bado una matawi matupu na mwanga hupenya. Baadaye majani ya mti hufunga na kuizuia nguvu ya jua.

Lakini kivuli kisizidi. Okidi iliyowekwa gizani hurefuka, hulegea, na huota majani bila ya maua. Tena yafaa kuepuka miti yenye mizizi mingi ya juujuu, maana miti hiyo hunywa maji yote na mgeni hubaki na kiu.

UDONGO

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mkulima amezoea kwamba udongo mweusi wenye samadi ndio udongo bora. Kwa sapatu za bibi sivyo. Mizizi yake yataka vitu viwili vinavyoonekana kama vinapingana: unyevu usiokatika, na hewa nyingi. Udongo wa mfinyanzi uliotuamisha maji huiozesha mizizi kwa majira moja tu.

Njia wanayoifuata wastadi ni hii. Huchimba shimo lenye kina cha sentimeta 30 hivi, na upana wa sentimeta 60 au zaidi. Kwanza hulijaza maji kuona kama yatapungua upesi. Yakikaa, huchimba zaidi na kutia kokoto chini, au huinua tuta juu ya ardhi. Kisha hulijaza mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni changarawe nyepesi ya mawe ya volkano, au mchanga wenye chembe kubwa, na sehemu ndogo ni mboji ya majani ya miti iliyooza vizuri. Samadi ya ng'ombe au ya kuku haitiwi kamwe.

Kila aina ina tabia yake. Sapatu ya bibi ya Ulaya hupenda chokaa, na kwa hiyo vipande vya mawe ya chokaa huifaa. Lakini iko aina moja ya Marekani, yenye mfuko wa rangi ya waridi, iitwayo Cypripedium acaule, ambayo hukaa katika udongo mchungu wa misitu ya misonobari. Hiyo ikipewa chokaa hufa, na hata wastadi wengi wameshindwa kuikalisha bustanini. Anayeanza asiijaribu.

KUPANDA

Wakati wa kupanda ni majira ya majani kupukutika, mmea ulipokwisha kulala. Ukiutazama mmea huo mkononi utaona shina fupi lenye macho kama meno ya mnyama, na chini yake mizizi mingi mirefu kama mikia ya pweza. Mizizi hiyo haikunjwi wala haikatwi. Hutandazwa pande zote juu ya kichuguu kidogo cha udongo, kisha hufunikwa polepole kwa mkono. Macho yawe chini ya udongo kwa sentimeta moja au mbili tu; yakizikwa sana huoza. Baada ya hapo hunyweshwa maji, na mahali pake huwekwa alama ya kijiti ili mtu asije akapiga jembe hapo wakati ambapo hakuna kitu kinachoonekana.

KUTUNZA MWAKA MZIMA

Wakati wa baridi mmea hutandazwa majani makavu au sindano za msonobari. Baridi yenyewe si adui yake. Sapatu za bibi zinahitaji kulala katika baridi kwa muda wa miezi mitatu hivi, na zisipolala hazichanui vizuri. Adui ni baridi inayokuja ikaondoka ikarudi. Machipukizi yakisha kutoka ardhini, usiku mmoja wa sakitu waweza kuyaua. Kwa hiyo mtunza bustani huweka karibu ndoo au chungu kitupu, na akiona usiku utakuwa wa baridi huyafunika.

Adui mwingine ni konokono, hasa wale wasio na nyumba mgongoni. Konokono mmoja akilila chipukizi usiku, kazi ya mwaka mzima imekwisha, maana mmea hautoi chipukizi la pili mpaka mwaka ufuatao. Watunza bustani hodari hutoka usiku na taa wakawaokota kwa mkono.

Majira ya joto udongo usiachwe ukauke. Maji ya mvua ni bora kuliko ya mfereji. Mbolea ya chumvichumvi yaweza kutiwa, lakini iwe nyepesi, nusu ya kipimo cha mimea mingine au pungufu, na ikomeshwe katikati ya majira ya joto. Majani yasikatwe yangali mabichi, hata kama maua yamekwisha, kwa sababu ndiyo yanayotengeneza akiba ya mwaka ujao.

Mmea ukitunzwa hivyo huongezeka kila mwaka, na hatimaye huwa kichaka chenye maua mengi. Hapo waweza kuchimbuliwa wakati umelala na kugawanywa, kila fungu likiachiwa macho matatu au zaidi. Jirani akiomba, hilo ndilo fungu la kumpa.

AINA ZA KUANZIA

Asiyezoea na aanze na okidi rahisi. Iliyo rahisi kuliko zote ni Bletilla striata ya China na Japani, yenye maua ya zambarau na majani yaliyokunjamana mfano wa jani la mnazi mchanga. Wachina wamevitumia viazi vyake katika dawa tangu zamani. Huvumilia udongo wa kawaida usiotuamisha maji, na kivuli chepesi huitosha.

Ya pili ni okidi za ardhini za Ulaya ziitwazo Dactylorhiza, zenye viazi viwili vilivyogawanyika kama vidole vya mkono. Kiazi kimoja hulisha ua la mwaka huu kisha husinyaa. Cha pili hukua kwa ajili ya mwaka ujao. Hizi hupenda unyevu na huongezeka upesi.

Ya tatu ni Calanthe za misitu ya Japani, ambazo Wajapani huziita ebine, yaani mzizi wa kamba, kwa jinsi shina lake la chini ya ardhi linavyofanana na mgongo wa kamba wa baharini. Hizi zakubali kivuli zaidi kuliko sapatu za bibi.

Mwenye kutaka sapatu za bibi zenyewe na anunue zile za mseto, zilizozalishwa chupani kwa kuunganisha aina mbili. Hizo zina nguvu kuliko wazazi wao. Bei yake si ndogo, kwa maana muuzaji ameilea miche hiyo miaka mingi kabla ya kuiuza. Ukiona mtu anauza kwa bei ya chini sana mmea mkubwa wenye mizizi iliyokatwakatwa, yafaa kushuku kwamba umetoka msituni. Nchini Marekani, jimbo la Minnesota lilitunga sheria mwaka 1925 ya kukataza kuchuma sapatu za bibi, na okidi zote za dunia zimo katika mapatano ya mataifa yaliyotiwa sahihi Washington mwaka 1973, yanayosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini kati ya nchi na nchi.

FUNZO KWA AFRIKA MASHARIKI

Msomaji wa Nyeri au Limuru aweza kuuliza: je, sapatu ya bibi yaweza kuota hapa? Kwa kweli, si rahisi. Nchi zetu za juu zina baridi ya usiku, lakini hazina miezi mitatu ya usingizi wa theluji. Hata hivyo Afrika Mashariki haikunyimwa okidi za ardhini. Katika misitu yetu ya milimani, penye kivuli na unyevu, huota Calanthe sylvatica, ndugu wa zile za Japani, yenye maua meupe au ya zambarau na majani mapana. Katika mbuga za juu ziko nyingine nyingi za namna ya Disa, Satyrium na Habenaria.

Mahali panaposifiwa zaidi kwa hizo ni uwanda wa Kitulo, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, penye kimo cha meta 2,600 hivi. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 pakatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na sababu yake kubwa ilikuwa maua, si wanyama. Hatari iliyokuwapo ilihusu viazi. Nchini Zambia watu hupenda chakula kiitwacho chikanda, kinachopikwa kwa viazi vya okidi vilivyotwangwa pamoja na karanga. Okidi za Zambia zilipopungua, wachuuzi walivuka mpaka wakanunua viazi kwa magunia kutoka nyanda za Tanzania. Mchimbaji huchagua kiazi kigumu, kilichojaa. Na hicho ndicho kiazi cha mwaka ujao. Akikichukua hicho, mwaka ujao hakuna ua, wala mbegu, wala kiazi.

Mchimbaji wa Kitulo ana njaa ya watoto wake, na bwana wa Uingereza wa zamani alikuwa na tamaa ya kupamba bustani. Hawalingani katika hatia. Lakini jembe lao lilifanya kazi moja, na ardhi iliwajibu wote wawili kwa jibu moja. Dawa pia ni moja: kujifunza kuilea okidi kwa mbegu na kwa kuigawanya, mpaka anayeihitaji apate ya kwake shambani na ile ya porini iachwe mahali pake.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Okidi za kivulini ni za watu wa namna hiyo. Humtaka mtu ainame autazame udongo kabla ya kulitazama ua, atoke usiku na taa kuokota konokono, apande mwaka huu na kungoja miaka kadhaa. Wale walioulinda mmea mmoja wa Yorkshire walifanya hivyo tangu mwaka 1930, na wengi wao walikufa kabla ya mwaka 2000. Ua lililofunguka mwaka ule lilikuwa mavuno ya kazi yao, ingawa hawakuliona.